Iweke Glavu Kabatini

Ratiba ya kazi kwetu hubandikwa Jumapili jioni kwenye mlango wa chumba cha kulia. Watu wanaipiga picha, wanaitupa kwenye kundi la WhatsApp, na manung'uniko yanaanza papo hapo. Nafanya kazi sehemu ya kufulia nguo za hospitali, zamu ya usiku, hapa Worcester, jimbo la Massachusetts. Mashuka, mataulo na magauni ya wagonjwa, kuanzia saa tano usiku mpaka kunapambazuka. Kwa miaka minne nilikuwa mtu wa mashine ya pasi. Unalisha shuka bichi upande huu, linatoka upande wa pili limenyooka, la moto kama chapati iliyoepuliwa sasa hivi. Sauti ya mashine ile naijua. Ikianza kukoroma, najua kuna roli imekamata uzi, na najua ni roli ipi.

Machi 2025 akaajiriwa mama mmoja aliyetoka sehemu kubwa kuliko yetu. Mzoefu, mkono mwepesi, hana maneno mengi. Msimamizi akanishika bega: "Wewe unajua kazi zote humu ndani. Nakuhamishia upande wa uchafu kwa muda." Upande wa uchafu ndiko mifuko inakofunguliwa. Sitaeleza kinachotoka humo, maana wengine mnasoma huku mnakula. Mshahara uleule, saa zilezile. Sikukataa. Kibali changu cha kazi kilikuwa kinasubiri kuhuishwa, na mtu ambaye karatasi zake ziko mezani kwa serikali hachagui namba ya kucheza.

Nimeanzia huko ili mjue kwamba msimu wa 2025 wa timu ya besiboli ya Boston Red Sox niliufuatilia nikiwa nimevaa glavu za mpira mpaka kwenye viwiko.

Besiboli sikuzaliwa nayo. Mimi ni mtoto wa Tanga, damu ya Coastal Union, na mpaka natua Marekani niliamini kwamba mchezo ambao watu wanasimama kuliko wanavyokimbia si mchezo, ni mkutano. Aliyenigeuza ni jamaa wa Jamhuri ya Dominika tunayefanya naye zamu moja. Jina lake lina wenyewe. Mimi namwita Mdominika, naye ananiita Tanzania. Alinifundisha kwa mataulo. Saa tisa usiku, msimamizi ametoka kuvuta sigara, Mdominika akatandika mataulo manne sakafuni yawe besi, akafunga soksi ikawa mpira, akanisimamisha katikati nirushe. Nikamuuliza swali ambalo mtu yeyote wa mpira wa miguu angeuliza: huyu anayesimama pale anacheza namba ngapi?

Akanikazia macho. Kumbe na wao wana namba. Si zile za mgongoni. Ni namba za nafasi, zinazotumika kuandika mchezo kwenye daftari. Mrushaji ni namba 1, mdakaji anayechuchumaa nyuma ya mpigaji ni 2, besi ya kwanza ni 3, ya pili ni 4, ya tatu ni 5, yule anayesimama kati ya ya pili na ya tatu ni 6, na watatu wa nyuma kabisa, kushoto, kati na kulia, ni 7, 8 na 9. Hapo nikaona nimefika nyumbani. Kwetu mtu anapata namba, anapoteza namba, anagombea namba. Mambo yote ya Red Sox mwaka ule yalikuwa ya namba 5.

Namba 5 ilikuwa ya Rafael Devers, mtoto wa Sánchez, kule Samaná, mkoa anakotoka mama yake Mdominika. Alianza kuichezea Boston mwaka 2017 akiwa na miaka 20, akachukua ubingwa wa 2018, na Januari 2023 akasaini mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5. Kwa fimbo alikuwa mmoja wa wapigaji hatari wa mkono wa kushoto kwenye ligi nzima. Kwa glavu, tuseme ukweli, hakuwa hivyo. Misimu kadhaa aliongoza kwa makosa miongoni mwa namba 5 wenzake. Mdominika akisikia hilo anageuka kuhesabu mataulo.

Februari 2025, timu ikiwa Florida kwa mazoezi ya kabla ya msimu, Red Sox wakamsajili Alex Bregman kwa miaka mitatu, dola milioni 120. Bregman naye ni namba 5, na alikuwa ametoka kushinda Glavu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora, katika namba hiyohiyo. Isitoshe anapiga kwa mkono wa kulia na mipira yake mingi huelekea kushoto, kule kwenye ule ukuta wa kijani wa Fenway Park wenye kimo cha zaidi ya mita 11. Kimpira usajili ulikuwa safi. Tatizo ni kwamba mwenye namba aliusikia kama tulivyousikia sisi. Devers akawaambia waandishi wa habari kwamba besi ya tatu ni yake, na kwamba alipokuwa anasaini aliambiwa hivyo. Lakini waliomwambia hawakuwapo tena. Uongozi ulikuwa umebadilika, mkuu wa masuala ya wachezaji wakati huo alikuwa Craig Breslow.

Wiki chache baadaye akalegea. Akakubali kuwa mpigaji maalumu, yaani mtu anayepiga tu na hadaki. Wenzake wakienda uwanjani kulinda, yeye anakaa benchi mpaka zamu ya kupiga irudi. Baadaye alisimulia kwamba walimwambia aiweke glavu pembeni, hataihitaji. Akaiweka. Michezo mitano ya kwanza ya msimu alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni: hakupata hiti hata moja, yaani pigo la kumfikisha besi, na alitolewa kwa straiki tatu, yaani mirusho mitatu iliyomshinda, mara 15. Baadaye fimbo ikaamka, watu wakasahau.

Halafu Mei 2, Triston Casas, kijana wa besi ya kwanza, alikuwa anakimbia tu kuiwahi besi, hakugongana na mtu, akaanguka. Kano ya goti la kushoto imekatika. Msimu umekwisha. Namba 3 ikawa haina mwenyewe, na timu ikamwangalia yule yule iliyemwambia aweke glavu kabatini.

Devers akakataa, tena hadharani. Kwa ufupi alisema: mlinitoa kwenye namba yangu, mkaniambia nisifikirie tena kudaka, sasa mnanitaka namba nyingine, nendeni sokoni mkatafute mtu. John Henry, mwenye timu, alipanda ndege mpaka Kansas City, ambako timu ilikuwa inacheza, akazungumze naye. Fikiria tajiri wa klabu anasafiri kwenda kumbembeleza mchezaji ahame upande mmoja wa uwanja kwenda mwingine. Kutoka besi ya tatu mpaka ya kwanza ni kama mita 39.

Mdogo wangu yuko Tanga, anafuatilia kupitia kwangu. Akanitumia sauti: "Kaka, dola milioni 313, halafu unaambiwa usogee mita 39 unakataa? Mimi hata wakiniambia nikate nyasi za uwanja nakata." Nilicheka peke yangu kwenye basi. Nami mwanzoni nilikuwa upande wake. Huku mikono imelowa maji machafu ya watu, huruma kwa mtu wa milioni 313 haiji upesi.

Lakini zile mita 39 si za kutembea tu. Besi ya kwanza ina glavu yake, pana, haina vidole, kama sufuria la ngozi. Kila mpira wa chini uliodakwa na namba 4, 5 au 6 unakuja kwako kwa kasi, mara nyingi umedunda vibaya, na mguu wako mmoja lazima ubaki umegusa besi. Ukikosa, lawama ni yako, hata kama aliyerusha ndiye aliyeharibu. Kujifunza hayo mwezi wa tano, mbele ya watu 37,000 wa Boston ambao hawajui kunyamaza, ni kazi. Mdominika aliniuliza swali moja tu: "Wewe walipokuhamisha upande wa uchafu, walikuuliza au walikwambia?" Waliniambia. "Na ungekuwa na mkataba wa miaka kumi?" Sikumjibu. Mfuko uliofuata ulikuwa mzito.

Msimamo wangu mpaka leo uko katikati, na unawaudhi wote wawili, mdogo wangu na Mdominika. Devers alikosea mwezi Mei. Timu imepungukiwa, wenzako wanahangaika, Romy Gonzalez na Abraham Toro wanapokezana kwenye namba ambayo si yao kwa kuzaliwa, wewe umekaa benchi na afya tele. Lakini kosa la Mei lilizaliwa Februari. Mtu anapoondolewa kwenye namba yake bila kuitwa pembeni na kuambiwa mapema, usitegemee siku ukimhitaji atakuja anakimbia. Wao walimwaga ugali, yeye akamwaga mboga.

Jumapili ya Juni 15 Red Sox waliwafunga New York Yankees 2-0, mchezo wa tatu mfululizo, na Devers alipiga mpira ukavuka ukuta. Timu ikajiandaa kusafiri kwenda Seattle. Kabla ndege haijaondoka habari zikavuja: Devers ameuzwa kwa San Francisco Giants. Namba zake siku hiyo zilikuwa wastani wa .272, yaani hiti kama 27 katika kila mapigo 100, mipira 15 iliyovuka ukuta, mikimbio 58, ndiyo mabao ya huku, iliyoletwa nyumbani na fimbo yake, michezo 73 kati ya 73. Giants walibeba deni lote lililobaki la mkataba, zaidi ya dola milioni 250. Boston wakapata warushaji Jordan Hicks na Kyle Harrison, na vijana wawili wa ligi za chini, James Tibbs na Jose Bello.

Hapa kuna jambo ambalo sisi wa soka linatutatiza. Kwetu mchezaji akiuzwa lazima naye akubali, akae mezani, ajadili maslahi binafsi. Akigoma dili limekufa. Kwenye besiboli ya Marekani mkataba unasafiri na wewe kama mzigo wenye lebo. Mpaka uwe na miaka kumi kwenye ligi kuu, na mitano ya mwisho uwe umeicheza timu hiyohiyo, au uwe umeandikiwa kifungu maalumu, huulizwi. Devers hakuwa amefika huko. Mkataba uliompa nguvu ya kukataa besi ya kwanza haukumlinda asipakiwe kwenda upande wa pili wa nchi.

Mdominika hakuja kazini usiku ule. Alisema tumbo.

Lakini mtu aliyenikaa kichwani kuliko Devers ni kijana Kristian Campbell, na huyu magazeti hayakumwandika hata robo ya yule.

Timu ya ligi kuu inaruhusiwa wachezaji 26, Septemba wanakuwa 28. Nyuma yao kuna orodha pana ya watu 40. Aliye kwenye orodha hiyo anaweza kushushwa ligi ya chini bila ridhaa yake katika misimu mitatu, na ndani ya msimu mmoja unaweza kumshusha mpaka mara tano. Nafasi hizo wanaziita opsheni. Jina lenyewe linadanganya. Ukilisikia unadhani hiari ni ya mchezaji, kumbe ni ya timu. Mchezaji aliyemaliza opsheni zake hashushwi kirahisi: lazima kwanza apitishwe mbele ya timu nyingine zote, na inayomtaka inamchukua. Matokeo yake, meneja na mabosi wake wanapokaa kuamua nani atoke, swali la kwanza haliwi nani mbovu. Swali ni nani karatasi zake zinaruhusu. Mzee wa miaka 33 anayepiga .210 lakini hana opsheni anabaki, kijana anayepiga .250 mwenye opsheni tatu anafunga begi. Kuna warushaji wanaoshushwa kwa sababu tu jana walifanya kazi nzuri na ndefu, mkono umechoka, na timu inataka mkono mpya leo usiku. Umeshinda mchezo, zawadi yako ni tiketi ya kushuka.

Nilipoelewa hilo nilikaa nikawaza watu wangu hapa Worcester. Nani anapangwa Krismasi, nani anahamishwa zamu bila taarifa, nani anaambiwa "kwa muda". Si wavivu. Ni wale ambao karatasi zao zinaruhusu.

Campbell alianza msimu akiwa besi ya pili ya Boston, hana hata mchezo mmoja wa ligi kuu kabla ya hapo. Siku ya Aprili 2 wakamsainisha miaka minane, dola milioni 60. Mwezi huo akachaguliwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake. Kisha Mei ikamgeuka, warushaji wakagundua mahali pa kumrushia, fimbo ikapoa. Na juu ya hayo, Casas alipoumia na Devers akagoma, ni Campbell aliyeambiwa aanze kujifunza besi ya kwanza. Kila siku kabla ya mchezo anadaka mipira ya chini kwenye namba ngeni, jioni anacheza namba yake, usiku anatafuta fimbo yake iliyopotea. Miaka 22. Tanzania tuna jina la mchezaji wa aina hii: kiraka. Kiraka husifiwa sana, halafu ndiye wa kwanza kuchanika.

Siku chache baada ya Devers kuondoka, Campbell akashushwa hapa Worcester, kwenye WooSox, timu ya Boston ya ligi ya chini. Kwa kuwa mkataba wake ni wa ligi kuu, mshahara wake haukuguswa, hilo lisemwe. Alikaa chumba kimoja cha kubadilishia nguo na vijana ambao kiwango chao cha chini kwa mwaka, kwa mkataba wa 2023, kilianzia dola 35,800. Kima cha chini cha ligi kuu 2025 kilikuwa dola 760,000. Kati ya Polar Park, uwanja wa WooSox, na Fenway Park kuna maili arobaini na kitu. Timu yetu hii, WooSox, ilihamia hapa 2021 kutoka Pawtucket, na uwanja wake ni mwendo wa miguu kutoka stesheni ya treni. Treni hiyo ikienda Boston inasimama Lansdowne, mlangoni kabisa kwa Fenway.

Namshukuru Mungu nilimwona Roman Anthony kabla hajaondoka. Mwezi Mei nilikuwa naenda Polar Park nikiwa sijalala, nakaa juani, nanunua soda. Anthony alikuwa na miaka 21, na kila mpira aliougusa ulitoa sauti tofauti na ya wengine, kama mtu anayevunja mti mbichi. Kila mtu pale alijua yuko tayari. Lakini Boston nyuma kulikuwa kumejaa: Jarren Duran, Ceddanne Rafaela, Wilyer Abreu. Watatu, namba tatu, wote wazima. Mwanzoni mwa Juni kijana alipiga mpira uliokwenda futi 497, mita 151, besi zote zikiwa na watu. Bado akabaki kwetu. Juni 9 Abreu akaumia misuli ya ubavu, na siku hiyohiyo Anthony akaitwa. Si mpira wa mita 151 uliomfungulia mlango, ni ubavu wa mwenzake. Usiku wa kwanza alipiga mara nne patupu na akafanya kosa uwanjani. Baadaye alicheza kama alizaliwa hapo, wastani .292 katika michezo 71, wakampa miaka minane na dola milioni 130. Septemba 2 akajishika kiuno wakati wa kupiga. Ubavu. Msimu wake ukaishia hapo.

Boston walipomuuza Devers walikuwa wameshinda 37 na kupoteza 36. Baada yake walishinda 52, wakapoteza 37, wakamaliza na 89 na kuingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2021. Giants walimaliza 81 kwa 81. Wanaomtetea Breslow wananitajia hesabu hiyo kila mara. Mdominika anasema hiyo ni kazi ya mkono wa mrushaji Garrett Crochet na fimbo ya Anthony, na kwamba waliokuja kwa Devers hawakuchangia chochote cha maana. Hapo sina la kumpinga: Harrison alipofika alitumwa moja kwa moja Worcester, Hicks hakuwa na msimu wa kusimulia, Tibbs akauzwa tena mwisho wa Julai.

Julai huohuo, usiku mmoja, Mdominika akanivuta nyuma ya mashine za kukaushia, akanipa simu. Video fupi: Devers kavaa jezi ya Giants, mkononi ile glavu pana, amesimama besi ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini huko amekubali. "Wamemwomba," akasema. Sijui kama ni kweli kwamba tofauti ni hiyo. Mtu aliyefika ugenini huwa hachagui sana, na mimi ni shahidi. Tena namba 5 ya Giants ilikuwa na mwenyewe, Matt Chapman.

Mtoano ulikuwa dhidi ya Yankees, kwao, michezo mitatu, atakayeshinda miwili anasonga. Ule wa kwanza, Septemba 30, ningeomba mtu yeyote anayesema meneja wa besiboli hana kazi autazame. Crochet anarusha kwa mkono wa kushoto. Mpigaji wa kushoto anamwona kwa shida, kwa sababu mpira unaokunja unaanzia nyuma ya bega lake halafu unamkimbia. Meneja wa Yankees, Aaron Boone, akawaweka benchi baadhi ya wapigaji wake wa kushoto, akiwemo Jazz Chisholm, mtu aliyevusha ukuta mara 31 na kuiba besi 31 msimu ule. Baada ya mchezo Chisholm alijibu waandishi huku amewapa mgongo, anapanga vitu kwenye kabati lake. Namjua mtu anayepanga vitu namna hiyo. Nilipanga mifuko hivyohivyo mwezi Machi.

Kwa upande wa Boston, meneja Alex Cora naye alikuwa amefanya hesabu ileile kinyume chake. Yankees walianza na Max Fried, wa kushoto pia, kwa hiyo Cora akampanga Rob Refsnyder, wa mkono wa kulia, ambaye kwa miaka kadhaa kazi yake Boston ilikuwa hiyo: akirusha wa kushoto anapangwa, akirusha wa kulia anasugua benchi. Awamu ya saba, Yankees wanaongoza 1-0, Fried ameshamtoa mpigaji mmoja na amefikisha mirusho 102. Boone akamtoa. Akaingia Luke Weaver, wa kulia. Rafaela, ambaye kwa kawaida anafukuza kila kitu kama kuku, akavumilia mirusho 11 na kupata besi ya bure, ile anayopewa mpigaji mrushaji akikosea shabaha mara nne. Nick Sogard akapiga kuelekea kulia na kukimbia mpaka besi ya pili. Zamu ya Refsnyder. Cora hakungoja: akamwita Masataka Yoshida, Mjapani wa mkono wa kushoto aliyekuwa amekaa tangu mwanzo. Mrusho wa kwanza kabisa, hiti katikati, mikimbio miwili. Mchezo ukaisha 3-1. Refsnyder, na sheria ya besiboli ndivyo ilivyo, akitoka harudi tena.

Kesho yake Boston walirusha wa kulia, waliosugua benchi wakarudi. Ben Rice, mmoja wao, mrusho wa kwanza aliorushiwa aliuvusha ukuta. Awamu ya nane, 3-3, wawili wametolewa, Chisholm yuko besi ya kwanza. Austin Wells akapiga hiti kulia, na Chisholm akakimbia besi tatu nzima bila kusimama, akateleza nyumbani. 4-3. Sijawahi kuona hasira ikikimbia kasi vile. Mchezo wa tatu Boston, majeruhi wakiwa wamewamaliza, walianza na Connelly Early, chipukizi aliyekuwa ameanza michezo minne tu maishani mwake ligi kuu. Yankees walikuwa na chipukizi wao pia, Cam Schlittler, aliyekulia Walpole, hapahapa Massachusetts. Awamu nane, akawatoa 12 kwa straiki, hakutoa besi ya bure hata moja. 4-0, tukarudi kufua.

Campbell hakuwepo kwenye yote hayo. Nilimwona mara ya mwisho Agosti, Polar Park, saa kama mbili kabla ya mchezo, milango imefunguliwa kwa wachache. Alikuwa besi ya kwanza, kocha mmoja anamrushia mipira inayodunda mbele ya miguu, makusudi, mmoja baada ya mwingine. Kadaka, karudisha. Kadaka, karudisha. Ulipomponyoka mmoja aliinama akaufuata mwenyewe mpaka kwenye uzio, ingawa ndoo nzima ya mipira ilikuwa pale miguuni pa kocha.

Jumapili iliyofuata baada ya kutolewa, ratiba ikabandikwa mlangoni. Yule mama wa mashine ya pasi amepata darasa la Kiingereza siku mbili kwa wiki, kwa hiyo siku hizo anaingia zamu ya mchana. Nikaangalia jina langu. Upande wa uchafu, upande wa uchafu, halafu pasi Jumanne na Alhamisi. Nikaipiga picha, nikamtumia Mdominika.

Akajibu kwa neno moja: "Refsnyder."